Kumbe Mzee Alikuwa Hanisomi!

Wiki hii nina langu la moyoni. Kwa miaka miwili baba yangu amekuwa akinisifia makala zangu. Gazeti likitoka nampelekea kule Temeke, anavaa miwani, analifungua, anatikisa kichwa. "Safi sana, mwanangu. Umeandika." Nami kichwa kinavimba!

Mwezi uliopita akanisifia kama kawaida. Balaa ni kwamba wiki ile makala yangu haikutoka. Nikanyamaza kimya. Mwalimu aliyeshika chaki miaka thelathini, leo anashika gazeti ili anipe moyo tu! Hospitali amekwenda, miwani anayo, lakini herufi ndogo bado zinamkimbia. Kusema akaona aibu.

Sasa mimi nina kidude cha kusomea vitabu, Kindle Paperwhite toleo la 2018, nilichokinunua kwa mshikaji mmoja Kariakoo, mtumba lakini kizima. Wakati nakitafuta, kijiweni walinijaza maneno: angalia nafasi, angalia kama maji hayaingii. Kweli, kina GB 8, na kikitumbukia kwenye ndoo ukakiwahi, hakifi. Nikajiona mtoto wa mjini. Ila kuuliza herufi zake zinakua kiasi gani, wala halikunijia.

Jumapili nikakibeba. Nikakaa na Mzee barazani, nikagusa alama ya Aa. Nikakuza herufi, nikazinenepesha, nikaachanisha mistari.

"Zinatosha, baba?"

"Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza bwana, unaogopa nini?"

Tukafika mahali ukurasa mzima una maneno machache tu, kama tangazo la ukutani. Hapo akaacha kukunja uso. Akasoma kwa sauti, taratibu, mpaka mama akatoka jikoni kuchungulia.

Mpangilio ule nikauhifadhi kwa jina MZEE. Nikitaka kusoma mimi nachagua wangu, akitaka yeye anachagua wake. Na kioo chenyewe si kama cha simu. Ndani mna chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme. Zikishajipanga zinatulia, chaji hailiki ovyo. Ndiyo maana kinakaa hata wiki kadhaa. Taa zake zinamulika kioo kwa juu, hazikuchomi macho. Umeme ukikatika, Mzee anaendelea zake.

Tahadhari moja, ndugu yangu: faili la PDF linasumbua. Ukurasa wake umegandishwa, ukiukuza unaanza kuuvuta kushoto na kulia mpaka unachoka. Kwa hiyo makala zangu nilizituma kwa barua pepe ya kidude kile, zikiwa vilevile nilivyozichapa kwenye Word. Herufi zikakubali kukua.

Juzi Mzee kanipigia simu. Nikajiandaa kusifiwa.

"Nimezisoma zote," akasema. "Ile ya daladala umeandika 'yaani' mara kumi na moja. Na ile ya harusi haina mwisho. Njoo Jumamosi, uje na kalamu nyekundu."

Jamani, sifa zimekwisha! Na sijapata kufurahi hivi tangu nianze kuandika. Jumamosi nakwenda. Kidude chenyewe sidhani kama nitarudi nacho.