Ni Nani Aliyejibu, Mnyama au Mwulizaji?

Hapa kwetu Nyalikungu, katika Maswa, hakuna mfugaji asiye na habari ya mnyama wake mwenye akili. Mmoja ana fahali ajuaye siku ya mnada. Mwingine ana punda arudiye nyumbani peke yake na maji mgongoni. Habari hizi twazisikiliza kwa furaha, na yamkini nyingi ni za kweli. Lakini mwaka huu tulipata habari isiyofurahisha. Mbuzi wawili waliibwa, na mwenyewe akamshika mbwa wake kwa kamba, akampitisha mbele ya vijana waliosimamishwa safu. Mbwa akambwekea mmoja. Watu wakasema, "Mnyama hasemi uwongo." Kijana yule angalipigwa vibaya kama wazee wasingaliingia kati.

Twauliza basi, ni nani aliyemtaja kijana yule, mbwa au mshika kamba? Maana mwenye mbuzi alikuwa amemshuku tangu asubuhi, na watu wote walijua.

Swali hili ni la zamani. Mjini Berlin, katika Ujerumani, alikuwako mzee jina lake Wilhelm von Osten, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alikuwa na farasi, Hans, aliyemfundisha kwa saburi. Hans akiulizwa tatu na nne ni ngapi, alipiga kwato chini mara saba, akaacha. Mwaka 1904 kamati ya watu wenye elimu ilimchunguza, isione hila yo yote. Na kweli hila haikuwako. Lakini Oskar Pfungst hakutosheka. Aliagiza swali liulizwe na mtu asiyejua jibu lake, Hans akashindwa. Akamzuia farasi asimwone mwulizaji, akashindwa tena. Ndipo ilipojulikana ya kuwa mwulizaji, bila kujijua, huinamisha kichwa kidogo swali liishapo, na hesabu ikitimia hukiinua kidogo mno, hata watu hawaoni. Farasi aliona. Pfungst aliyatoa hayo katika kitabu mwaka 1907.

Sisi walimu hatustaajabu sana. Mtoto asiyejua jibu husema "sita" polepole, huku akizitazama nyusi za mwalimu, zikikunjwa, huongeza upesi, "au saba?"

Na mbwa je? Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, huko Davis, Marekani, walitoa habari za mbwa 18 wa kunusa baruti na dawa za kulevya. Waongozaji wao waliambiwa ya kuwa penye karatasi nyekundu pamefichwa kitu. Kumbe hapakufichwa baruti wala dawa po pote. Hata hivyo wengi walisema mbwa wao wameonyesha, na zaidi penye karatasi kuliko mahali palipofichwa soseji za kumvuta mbwa!

Kama mwenye mbuzi angalitaka ukweli, kamba ingalishikwa na mgeni asiyejua anayeshukiwa, na vijana wangalibadilishana nafasi mara nyingi. Tena, mbwa humbwekea hata mtu asiyemzoea tu.

Hatusemi ya kuwa pua ya mnyama haifai. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO lilianza mwaka 2000 kuwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akavumbua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Watu hukanyaga ardhi kwa kumtegemea panya, kwa hiyo kosa moja ni mguu wa mtu, au roho yake. Basi kabla ya kupelekwa kazini panya hujaribiwa, na katika jaribio hilo mwongozaji hajui bomu limefukiwa wapi.

Katika makohozi kuna uangalifu mwingine uliotupendeza zaidi. Kati ya vikombe vya watu wasiojulikana hali zao huwekwa vingine ambavyo ugonjwa wake umekwisha thibitishwa. Panya akisimamisha pua juu ya hivi vilivyothibitishwa, hupewa chakula. Akisimama juu ya kisichojulikana, hapewi, kwa maana hakuna ajuaye bado kama amesema kweli. Makohozi yale hurudishwa maabara yapimwe upya, na mgonjwa haambiwi neno mpaka jibu la maabara litoke.