Na fimbo za gofu kutoka Zagayu

Nani kawadanganya gofu ni ya wazee wenye vitambi? Mimi na shemeji yenu tulitupia fimbo zetu kwenye buti, tukaondoka alfajiri kwao Zagayu, Itilima, mkoani Simiyu. Kiangazi kilishakomba malisho, ng'ombe mbavu nje. Sisi huyoo, Kili Golf, Usa River, mashimo 18!

Bariadi, Lamadi, tukazama Serengeti kwa lango la Ndabaka. Hapo mfuko unalia, maana Ngorongoro nako unalipa tena. Kwa viingilio na petroli ile, Zagayu unaondoka na ndama. Lakini jamani, mbuga ile! Nyasi hadi macho yachoke, halafu gari linapanda ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu mtupu na meno yanagongana. Tukalala Karatu.

Kesho yake, Meru huku, Kilimanjaro kule, shemeji yenu akanichapa kwa mapigo saba. Akampigia simu baba yake, akamsifia uwanja: mpana, kijani, unamwagiliwa hata kiangazi.

Mzee kimya. Kisha akauliza, "Majani yote hayo, wanakula ng'ombe wa nani?"