Ushahidi wa Mkono Wangu

Nililelewa Mombasa, katika nyumba ambayo mtoto akijitaja kwa wema wake alinyamazishwa mara moja, kwa kuwa sifa njema ilikuwa haki ya watu wengine kuitamka, na mwenye kujitwalia kwa kinywa chake alihesabiwa amekosa haya. Adabu hiyo naipenda hata leo. Lakini nilipokuwa muuguzi wa daraja la 5 katika hospitali moja ya Leicester, chini ya Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza iliyoasisiwa mwaka 1948, nikataka kuomba wadhifa wa daraja la 6, nilitakiwa niandike maelezo ya kuthibitisha kuwa naifaa kazi, nayo yangesomwa na wachujaji wasioonyeshwa hata jina langu.

Tangazo la kazi huambatana na orodha ya sifa, nyingine za lazima, nyingine za kupendelewa, nao wachujaji huziandama moja baada ya moja wakitia alama kila wanapoona ithibati. Sifa isiyoandikwa haina alama, ijapokuwa mwombaji ameitenda umri wake wote.

Bibi mmoja wa Tanga, muuguzi mkongwe wa wadi yetu, aliponiona nimeinamia karatasi tupu, aliniambia: “Mwanangu, anayeeleza alilolitenda na mahali alipolitenda hajisifu, anatoa ushahidi, na kuuficha ushahidi ni dhuluma. Andika habari za usiku wa yule mzee wa Kampala.”

Mzee huyo, Mhindi aliyekuwa miongoni mwa maelfu waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambao wengi wao walifanya maskani Leicester, alikuwa amepasuliwa nyonga. Nilipomjulia hali alinijibu kwa Kiswahili alichokifanyia biashara ujanani: “Sijambo, binti; watazame wenzangu.” Lakini mabega yake yalipanda kwa kila pumzi, nami nikashika saa, nikahesabu dakika nzima, nikapata pumzi 26, mapigo ya moyo yalikuwa 115, na joto digrii 39.2. Kwa mizani ya tahadhari iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012, pumzi zile zilistahili alama 3, mapigo 2, na joto 2, na jumla ya 7 ni kiasi cha kuwaita waganga wa dharura papo hapo. Niliwaita. Maambukizo yalikuwa yameingia katika damu, na saa haikuisha kabla dawa haijatiwa mshipani. Alhamdulillahi, mzee alipona.

Hayo niliyaandika bila kumtaja jina, maana siri ya mgonjwa ni amana: nilichokiona, nilichokitenda, niliyemwita na nilivyomweleza, kisha nikaonyesha kwamba humo zimo sifa za lazima za kumtambua mgonjwa anayezidiwa na kuongoza zamu. Niliitwa kwenye usaili, nikapata kazi.

Baadaye mimi mwenyewe nilitiwa katika jopo la wachujaji, na hakuna kilichonisikitisha kama maelezo yanayosema tu kwamba mwombaji ana huruma na bidii, bila mgonjwa hata mmoja ndani yake, kwani nilihisi taabu iliyokuwa nyuma ya maneno yale nami sikuwa na ruhusa ya kuipa alama. Hivyo vijana wa pwani wakiniletea maelezo yao kabla ya kuyapeleka kwa majopo nisimokaa mimi, huwauliza: mgonjwa yupi, uliona nini, ulimwita nani, na baada ya hapo ikawaje?