Magofu ya Kunduchi

Wako watu wasafirio mbali hata Ugiriki kuona nguzo za hekalu la kale liitwalo Parthenon, katika mji wa Athene aliouzuru Mtume Paulo. Walakini sisi tukaao kandokando ya Dar es Salaam tunayo magofu ya nyumba ya ibada huko Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni, na wengi wetu hatujayaona.

Nilikwenda huko pamoja na wanafunzi wangu. Tulishuka garini Mtongani, katika njia ya Bagamoyo, tukafuata njia iteremkayo baharini. Penye mibuyu mikubwa tulikuta kuta za msikiti wa kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya watu wa pwani hii hii. Kibla chake chaelekea kaskazini, maana huko ndiko iliko Makka. Karibu nao yako makaburi, na mengine yana nguzo ndefu za mawe. Katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli ya China, yaliyoletwa na biashara ya baharini, ili kuwaheshimu marehemu. Leo mengi hayapo tena; yamebaki matundu ya mviringo tu.

Mwanafunzi mmoja aliokota kigae, akakitia mfukoni. Nilipomwambia akirudishe, aliuliza, “Mwalimu, watu hawa hawakuwa Wakristo, wala si jamaa zetu. Kigae kimoja chapunguza nini?” Wenziwe wakanyamaza, wakingoja jibu.

Niliwasimulia habari za lile hekalu la Athene. Ujenzi wake ulimalizika mwaka 432 kabla ya Kristo. Baadaye likawa kanisa, kisha likawa msikiti. Mwaka 1687 Waturuki waliweka baruti ndani yake, na kombora la jeshi la Venice likaipiga, hekalu likapasuka. Baada ya hapo wenyeji walichukua mawe ya kujengea, na wageni wakachukua vipande vya ukumbusho. Hata mwanzo wa karne ya 19 Lord Elgin, balozi wa Uingereza, alichukua sanamu nyingi, nazo ziko London hata leo, na Wagiriki wangali wanazidai. Baruti ilibomoa siku moja. Mikono ya watu ilibomoa miaka mingi, na kila mmoja alidhani amechukua kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vilevile. Yule kijana alikirudisha kigae chini ya nguzo.

Na juu ya neno lile la dini, tumkumbuke Paulo. Alipozunguka Athene hakuvunja madhabahu za watu. Alizitazama kwa makini, na mahubiri yake akayaanzia katika madhabahu moja aliyoiona. Sisi nasi twataka makaburi ya wazee wetu yaheshimiwe na watakaokaa hapa baada yetu, wala hatujui wao watasali namna gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haikeshi makaburini. Jirani ndiye awezaye kukesha. Basi, ndugu zangu, nendeni Kunduchi na watoto wenu. Wafundisheni kutazama bila kung'oa, wala wasiandike majina yao ukutani. Waliolala pale ni jirani zetu, na jirani aliyekufa hawezi kujitetea.