Shangazi Hakurogwa

Usilolijua ni usiku wa giza. Mimi nilikaa katika giza hilo miaka miwili, hapa hapa Kiwanjani, mjini Isiolo.

Shangazi yangu alikuwa fundi wa nguo. Kwanza jicho moja lilimuuma, likafifia, kisha likapona lenyewe. Baadaye miguu ikafa ganzi, cherehani akaikanyaga kwa taabu. Tukasema ni uchovu. Halafu asubuhi moja akakataa chai, eti nyanya ametia sumu! Usiku akawa anajibizana na watu wa ukutani, na kila ndege iliyotua akasema imekuja kumchukua yeye. Majirani wakakata shauri: majini. Akasomewa, akafukiziwa ubani, mwishowe akafungwa kamba. Kamba hiyo niliifunga mimi. Shuleni nilipoulizwa yule mwanamke apigaye kelele ni nani, nilijibu simjui, mpangaji tu.

Muuguzi mmoja jirani ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: "Wazimu ulianza kabla ya miguu au baada?"

Baada! Basi tukachanga nauli, akapelekwa Nairobi, karibu kilomita 285. Alipigwa picha ya ubongo kwa ile mashine ya sumaku, tukaonyeshwa madoa meupe. Maltipo sklerosisi, akasema daktari. Yaani kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, ikala ala inayofunika neva, mfano wa waya wa umeme uliochunika. Daktari Charcot wa Ufaransa aliueleza ugonjwa huu tangu 1868. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra, ndio maana haukutujia akilini. Wagonjwa wengi hawaoni mambo kama ya shangazi. Ni wawili hadi wanne hivi katika kila mia. Na steroidi zenyewe, dawa za kutuliza ugonjwa, zaweza kuleta wazimu uo huo! Kwa hiyo alitibiwa kwa hadhari, akaongezewa vidonge vya akili.

Zile sauti zilinyamaza baada ya wiki kadhaa. Miguu haikurudi yote. Anatembea kwa mkongojo, cherehani tuliiuza, siku hizi anashona vifungo tu kwa mkono.

Juzi aliniita nimtungie uzi kwenye sindano. Akaniangalia vidole, akatabasamu. "Wewe ile kamba uliilegeza. Nilihisi."

Si kweli, msomaji. Niliikaza.