Uzazi wa Mpango: Kaunta ya England na Mlango wa Mkenya

Nchini Uingereza, njia za uzazi wa mpango, yaani zile zinazomwezesha mtu kuamua idadi ya watoto na muda wa kuwapishanisha, hutolewa bila malipo na huduma ya afya ya taifa tangu 1974, na kuanzia Desemba 2023 mfamasia wa England anaweza kumwanzishia mwanamke vidonge pasipo kumwona daktari. Utaratibu huo ni mwepesi na una staha, ila una sharti lisiloandikwa popote: mhitaji ndiye anayeifuata huduma, tena awe anajua anachokitaka.

Kenya imeshika njia nyingine. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, yaani wakazi waliofunzwa kuzuru kaya 100 hivi kila mmoja, wakapewa begi lenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na simu ya kuwekea kumbukumbu. Kwa uzazi wa mpango, hata hivyo, kazi kubwa haimo begini. Mhamasishaji huketi uani akasikiliza uvumi kwamba kijiti, kile kipande chembamba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kuzuia mimba kwa miaka kadhaa, husafiri hadi moyoni. Hueleza mapema kwamba sindano ya miezi 3 huweza kuvuruga hedhi, ili mtumiaji asiiache kwa hofu. Tena huzungumza na mume, pengine na mama mkwe pia, maana katika kaya nyingi uamuzi huo si wa mke peke yake.

Mpango huo haufai kusifiwa kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa wa 2022, uliofanywa kabla ya uzinduzi huo, ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake walioolewa walitumia njia za kisasa, lakini kaunti ya Embu ilikuwa na asilimia 75 na ya Mandera asilimia 2, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa maneno ya mlangoni ikiwa zahanati iko mbali au sindano zimekwisha. Hata hivyo England nayo imeanza kubisha hodi: tangu 2021 wapo wahudumu wa afya wanaozuru kaya za Westminster, London, hata zisizoomba msaada, kwa mfano ulioigwa kutoka Brazil.

Mhamasishaji wa Kenya hupangiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na kwa kazi anayoifanya posho hiyo ni ndogo mno.