Lulu Zilizokwenda Kombo

Muharraq, Bahrain. Njia ya Lulu, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012, inapita kati ya nyumba za matajiri wa zamani wa lulu. Wafanyabiashara wa hapa walichekecha lulu kwa vyungio vya shaba, kila chungio na ukubwa wake wa matundu. Lakini tundu la mviringo hupima cha mviringo. Lulu iliyobanwa na gome la chaza ikatoka bapa, au ikaota kibyongo, hushuka thamani. Wareno, walioitawala Bahrain toka 1521 hadi 1602, waliiita lulu ya namna hiyo barroco. Garcia de Orta, tabibu Mreno wa Goa, analo neno hilo katika kitabu chake cha 1563.

Roma. Kanisa dogo la San Carlo alle Quattro Fontane liko kwenye kona yenye magari mengi. Ukuta wake wa mbele unabonyea, unatokeza, unabonyea tena, kama tanga linaloshika upepo. Ndani kuna kuba la umbo la yai, lililojaa misalaba na maumbo ya pembe sita na pembe nane, yanayopungua ukubwa kadiri yanavyopanda, hata kuba likaonekana refu kuliko lilivyo. Nilikaa chini yake mpaka shingo ikauma.

Borromini, aliyelijenga kanisa hilo, alifariki 1667 bila kujua kwamba kazi yake ingeitwa baroko. Mwaka 1694 kamusi ya Akademia ya Ufaransa ilikuwa bado inalihifadhi neno hilo kwa lulu tu. Toleo la 1740 likaongeza maana ya kitu kisicho na utaratibu, cha ajabuajabu. Likawa tusi. Mwanafalsafa Rousseau akalipachika kwenye muziki mwaka 1768, na ilipofika 1888 ndipo mwanahistoria wa sanaa Mswisi, Heinrich Wölfflin, alipoutazama ujenzi huo kwa umakini unaoustahili.

Mimi tusi hilo silikubali. Michoro ya Borromini ipo hadi leo: pembetatu mbili zilizogusana kitako, duara ndani ya kila moja, na kutoka hapo yai la kuba. Hakuna mstari uliochorwa ovyo.

Dresden ndiko neno linakotulia. Katika hazina ya Grünes Gewölbe, sonara ameiacha lulu na kibyongo chake, akakifanya tumbo la kibeti, kisha akaongeza miguu na mikono ya dhahabu. Yeye aliufuata upogo alioukuta kwenye chaza. Borromini aliutunga wake kwa bikari.